Tatu ya Kopa

“Mable! Umekata ree yangu?”

Donald alisimama kwa kishindo, kiti chake kikaanguka nyuma. Ukumbi mzima wa nyumba za reli mjini Voi ukageuka kutazama meza yao.

“Nimekata nini?”

“Ree yangu! Mimi ndiye niliyekuwa nakula, na wewe mwenzangu unaniwekea turufu juu! Tunacheza pamoja au tunashindana?”

“Sikujua kama...”

“Hukujua! Kila Jumapili hukujua!”

Upande wa pili wa meza, Wamalwa aliinamisha uso kwenye karata zake ili asionekane akicheka. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa Bungoma aliyekaa Voi hadi akasahau njia ya kurudi, na ndiye aliyesimamia michezo yote ya ukumbi huo. Mkewe Pauline, ambaye kila mtu alimwita Mama Sylus, hakujisumbua kuficha kicheko.

“Mwache, Donald,” alisema. “Hata wewe ulipokuja hapa mara ya kwanza ulikuwa unatupa turufu kama mtu anayelisha kuku.”

“Lakini sikuwa mjinga hivi, Mama Sylus.”

Kicheko kikakatika.

Mable aliziweka karata zake mezani, uso juu, moja baada ya nyingine.

“Rudia,” alisema.

“Rudia nini?”

“Hilo neno. Nataka kuhakikisha nimelisikia vizuri.”

“Mable, ni karata tu. Usianze.”

“Kama ni karata tu, kiti kimeangukaje?”

Alichukua mkoba wake akatoka nje, kwenye jua la saa tisa na vumbi jekundu la Voi. Nyuma yake alisikia Wamalwa akisema kwamba meza hiyo imejifunga yenyewe.

Mable Wakesho alikuwa mtaalamu wa maabara katika kliniki moja mjini. Kazi yake ilikuwa kutazama damu ya mtu na kuandika kilichomo, si kile mgonjwa anachotamani kiwemo. Donald Kimanzi alisimamia magari ya shamba moja la mkonge upande wa Mwatate, na kila wiki kazi ilimpeleka Taveta. Walikuwa wachumba. Wazee wa Donald walikuwa wamekwisha kutuma ujumbe: Jumamosi ya pili kuanzia siku hiyo wangefika kwa kina Mable, Mwatate, kupeleka posa. Na Jumapili yake, katika ukumbi huu, kungekuwa na mashindano ya karata ya wawili wawili. Donald alikuwa ameyashinda mara nyingi na rafiki yake Ngui, lakini Ngui alikuwa amehamishwa kikazi Mtito Andei. Ndipo Donald alipotangaza mbele ya watu kwamba safari hii atacheza na mke wake mtarajiwa.

Hakuna aliyemuuliza mke mtarajiwa kama anajua karata.

Donald alimfuata hadi kwenye ukuta wa ukumbi.

“Nisamehe, mpenzi. Hasira tu.”

“Umeniita mjinga mbele ya watu.”

“Najua. Sikiliza. Nitakupa kitu ambacho sijampa mtu yeyote.”

“Hata Ngui?”

“Hata Ngui. Ni ishara. Mimi nikiwa nakula kwa ree, na wewe huna aina hiyo, kila mtu anatarajia utanitupia karata yenye pointi, sivyo? Wewe usinipe pointi. Nitupie tatu. Karata ya bure kabisa. Ukinitupia tatu ya kopa, nitajua una ree ya kopa, na mzunguko unaofuata nitakuchezea kopa uile. Watu watafikiri umekosea. Watakucheka. Waache wacheke.”

“Umeitoa wapi hiyo?”

Donald alimshika mkono.

“Nimeibuni mwenyewe. Nilikuwa nawaza jinsi mimi na wewe tutakavyocheza tukizeeka.”

Mable alimtazama. Hasira haikuisha, ila ilikaa chini kidogo. Alikubali.

Lakini hakukubali kuendelea kufundishwa kwa kelele. Kesho yake, akitoka kazini, alibisha mlango wa Pauline.

“Mama Sylus, nifundishe karata.”

“Na Donald je?”

“Donald hufundisha kwa kupiga kelele. Nataka mtu anayefundisha kwa maneno.”

“Nikikufundisha halafu utufunge, Baba Sylus atanuna mpaka Krismasi.”

“Basi nifundishe nusu.”

Pauline alicheka, akafuta meza kwa kanga, akamwaga karata.

“Watu wanne, wawili kwa wawili. Mwenzako hakai kando yako, anakaa mbele yako. Aina ni nne: kopa, uru, pau na shupaza. Ree ndiyo kubwa. Chini ya ree si mfalme, ni saba. Usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyoukuta mchezo. Aina moja tunaifanya turufu, nayo inakata zile nyingine zote. Ikichezwa kopa na wewe unayo kopa, lazima utoe kopa. Ukiificha, Baba Sylus atakutoa nje ya ukumbi kwa shati.”

“Na nisipokuwa nayo?”

“Hapo ndipo akili inapoanza kazi. Kama anayekula ni adui, mkate kwa turufu. Kama ni mwenzako, mnenepeshe: mtupie pointi. Ree ina kumi na moja, saba ina kumi, mfalme na malkia wana chache. Hizi tatu, nne, tano, sita hazina kitu. Anayefika sitini na moja ameshinda.”

“Je, mtu akimtupia mwenzake tatu, wakati anaweza kumtupia saba?”

“Huyo ama amelala ama amelewa.”

Mable alitabasamu kidogo. Sasa alielewa kwa nini Donald aliiita siri.

“Na kitu kingine,” Pauline aliendelea. “Wewe unatazama karata zako tu, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Inua macho. Angalia kila mtu anatoa nini, na anatoa wakati gani. Karata ikishawekwa mezani hairudi mkononi. Iamini hiyo kuliko uso wa mtu.”

“Hiyo ni kazi yangu ya kila siku, Mama Sylus.”

“Basi utanitesa, mtoto wewe.”

Walicheza wiki nzima, na Wamalwa na jirani wakijaza viti viwili vilivyobaki. Kufikia Ijumaa Mable alikuwa anakumbuka karata zote zilizotoka. Kufikia Jumamosi, Wamalwa alikuwa amenuna.

Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano ilikuwa na desturi yake katika ukumbi ule: wenzi hutenganishwa. Kila mtu huvuta karata, na karata ndiyo inayosema utacheza na nani. Wamalwa ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, ili watu wajue kucheza na yeyote, na ili wapenzi wapumzike kugombana. Siku hiyo hiyo wachezaji wa Taveta walikuja kujipima na wale wa Voi.

Miongoni mwao alikuwemo msichana mrefu, nywele amezisuka nyuma, mwenye sauti inayofika kabla yake.

“Hamjambo! Naitwa Lorine Ajwang’, natoka Mboghoni. Nimewaletea ndizi, na nimekuja kuwafunga.”

“Ndizi tutakula,” Wamalwa alisema. “Hilo la pili tutaona. Vuta karata.”

Lorine akavuta. Karata yake ililingana na ya Donald.

“Basi wewe na huyu,” Wamalwa alisema. “Mnafahamiana?”

“Hapana,” Donald alijibu haraka. “Leo ndiyo kwanza namwona.”

Lorine alimtazama kidogo, kisha akainua mabega.

“Leo ndiyo leo,” alisema.

Mable na Pauline walikaa nao meza moja, wawili dhidi ya wawili. Wamalwa alisimama kando kama mwamuzi. Turufu ilikuwa shupaza.

Donald alicheza ree ya pau. Pauline akatoa pau ndogo. Zamu ya Lorine. Hakuwa na pau. Alitazama karata zake, akavuta moja na kuitupa mezani.

Tatu ya kopa.

“Mgeni amelala!” mtu mmoja alipiga kelele nyuma. “Mpeni chai!”

Ukumbi ukacheka. Mable hakucheka. Donald alikusanya karata zake nne, akakaa kidogo, kisha akacheza kopa ndogo. Lorine akaipiga kwa ree ya kopa.

“Bahati hiyo,” alisema yule wa nyuma.

Inawezekana, Mable aliwaza. Maabara ilikuwa imemfundisha kwamba jibu moja si jibu. Kipimo hurudiwa.

Wakagawa tena. Pointi zilikuwa zinakaribiana. Donald alikula kwa ree ya kopa, na safari hii Lorine alimtupia tatu ya uru.

Mkono wa Donald ulisimama hewani. Aliinua macho, akakutana na ya Mable, akayashusha. Angeweza kucheza aina nyingine yoyote. Angeweza kujifanya hakuona. Lakini Donald alikuwa mtu wa kushinda. Hakuwahi kuiacha pointi ikipita mbele yake bila kuiokota.

Akacheza uru ndogo.

Lorine akaweka ree ya uru.

“Sitini na nne!” alisema, akipiga meza. “Nani alikuwa anataka kunipa chai?”

Mable aliziweka karata zake chini.

“Dada, unacheza vizuri sana.”

“Asante.”

“Hiyo ya kutupa tatu. Nani alikufundisha?”

“Mable, gawa karata,” Donald alisema.

“Naongea na mgeni.”

Lorine alitabasamu, tabasamu la mtu anayependa kuulizwa.

“Mchumba wangu. Aliibuni mwenyewe.”

“Alikuambia aliibuni akiwaza nini?”

“Swali gani hilo?”

“Nijibu tu, tafadhali.”

“Akiwaza jinsi tutakavyocheza tukizeeka.”

Pauline, aliyekuwa anamenya ndizi, alisimamisha mkono.

“Donald,” Mable alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Mwenzako huyu anaitwa nani?”

“Si amesema mwenyewe? Lorine sijui nani.”

“Sijui nani?” Lorine aligeuka. “Donald! Umeniandikia tusijuane, nikanyamaza. Sasa mimi ni sijui nani?”

“Lorine, subiri nje kidogo.”

“Nisubiri nje kwa nini? Huyu ni nani?”

“Huyu ni... ni binamu yangu.”

“Binamu!” Mable alisimama. “Jumamosi wazee wenu wanakuja kwa baba yangu na mbuzi. Tangu lini Wakamba wa Voi wanaposa binamu zao?”

“Wanaposa?” Lorine pia alikuwa amesimama. “Wazee walikuwa waje kwetu Desemba!”

“Sikilizeni,” Donald alisema, mikono juu. “Mnajazana hasira bure. Ni mtindo wa kucheza tu. Watu wengi wanautumia. Ni karata tu!”

“Watu wengi?” Mable alimgeukia Wamalwa. “Mzee, umecheza karata miaka mingapi?”

“Tangu kabla ya kuoa.”

“Umewahi kuona mtu timamu akimtupia mwenzake tatu, na mwenzake akaelewa?”

Wamalwa alikuna kidevu. Alimpenda Donald. Alichukia zaidi uongo mezani.

“Sijawahi,” alisema. “Leo ndiyo mara ya kwanza, na nimeona mbili.”

“Nami niliambiwa siri hiyo hajapewa mtu yeyote,” Mable alisema. “Hata Ngui. Mzee, kwenye orodha ya mashindano, futa jina langu pembeni ya hili la Donald.”

“Mable, usinifanyie hivi mbele ya watu!”

“Mjinga wako amejifunza, Donald. Ulitaka nijifunze.”

Jioni ile simu ya Mable haikupumzika, Donald akituma ujumbe juu ya ujumbe.

“Mpenzi, pokea tafadhali.”

“Yule msichana ananing’ang’ania tu. Mimi moyo wangu unaujua.”

“Utaharibu ndoa kwa sababu ya karata moja?”

Mable alijibu ujumbe huo wa mwisho tu: “Karata mbili. Na waambie wazee wako wasije. Ukishindwa kuwaambia, nitawaambia mimi.”

Kisha akampigia baba yake.

“Baba, ile posa haipo.”

Mbuzi alisikika akilia huko Mwatate.

“Amekupiga?”

“Hapana. Ana mwingine Taveta.”

“Una hakika, au umesikia?”

“Nimeona, baba. Mara mbili, mchana, mbele ya watu.”

“Basi.” Mzee alikohoa. “Mama yako ameshaalika kanisa zima. Ndovu walipita shambani juzi, sasa hili. Sawa. Mimi nitamshughulikia mama yako.”

Siku mbili baadaye alipigiwa na namba asiyoijua.

“Ni Lorine. Namba nimeipata kwa Mama Sylus. Usikate.”

“Sijakata.”

“Nataka tuonane. Nina maneno yangu, sitaki kuyasema kwenye simu.”

Walikutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko la Voi. Lorine hakusubiri hata chai ifike.

“Mimi ninaye Donald tangu wewe hujui hata turufu ni nini.”

“Turufu nimeijua juzi. Hiyo haithibitishi chochote.”

“Usiniongeleshe kama daktari! Baba yangu amemlisha yule mtu. Akija Taveta analala kwa kaka yangu, anakula samaki wetu. Na wewe akaniambia ni binamu anayemfulia nguo!”

“Simfulii mtu nguo.”

“Sasa najua!” Lorine alisukuma simu yake mezani. “Soma. Aliniandikia nikiwa njiani.”

Mable alisoma: “Ukinikuta ukumbini tusijuane. Wakijua tunafahamiana hawataturuhusu kuvuta karata moja. Nitakueleza jioni. Nakupenda.”

“Nilidhani ni mambo ya mchezo,” Lorine alisema. Sauti yake ilianza kukatika, akaikaza kwa hasira. “Nilidhani ananitaka niwe mwenzake! Nikanyamaza kama kondoo. Na akaniita sijui nani.”

“Mimi aliniita mjinga.”

“Yule mtu ana majina mengi ya watu.”

Chai ikaja. Walikunywa bila kutazamana. Mable alimaliza kikombe chake kwanza.

“Jumapili una mwenzi?”

“Nilikuwa naye. Elsie. Mtoto wake anaumwa, amebaki naye Chala.”

“Mimi mwenzi wangu nimemfuta. Donald amemwita Ngui arudi kucheza naye.”

Lorine aliweka kikombe chini taratibu.

“Mimi na wewe?”

“Mimi na wewe.”

“Sikupendi.”

“Sikukuomba unipende. Nimekuomba utupe tatu.”

“Wewe nawe! Ishara ile anaijua, aliitunga yeye. Nikitupa tatu ya kopa atajua nina ree ya kopa.”

“Ndiyo,” Mable alisema. “Nataka ajue hivyo.”

Kwa mara ya kwanza tangu aketi, Lorine akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

“Agiza chai nyingine,” alisema.

Jumamosi asubuhi, simu.

“Binti, hujambo? Mimi ni Mwendwa, baba mdogo wa Donald. Tumefika hapa Mwatate, mbuzi yuko nyuma ya gari anatukojolea. Kwa kina Wakesho ni njia ipi?”

Mable alifumba macho. Donald hakuwaambia. Alikuwa amewatuma wazee wake wakamsukume.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama.”

“Mzee, Donald hakuwaeleza kwamba nimekataa?”

“Umekataa nini?”

“Posa. Ana mchumba mwingine Taveta, naye pia alikuwa anangoja wazee. Nilimwambia tangu Jumapili awazuie msije.”

Mable alisikia wazee wengine garini wakiuliza kuna nini, na mbuzi.

“Huyu kijana,” mzee alisema mwishowe, kwa sauti ya chini yenye moto, “ametuvalisha suti, akatutoa Voi na mbuzi, akijua?”

“Pole, mzee. Kwa baba yangu ni njia ya kushoto baada ya kanisa. Fikeni mnywe chai. Chai haina ugomvi na ninyi.”

Wakafika, wakanywa chai, wakaomba radhi kwa heshima, wakarudi na mbuzi wao. Jioni Donald alituma ujumbe mmoja tu: “Umenidhalilisha kwa baba zangu.” Mable aliusoma, akaufuta.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wamalwa alipotangaza jozi ya Mable na Lorine, kelele zikaezua paa.

“Hii nini?” Donald alimvuta Wamalwa kando. “Huyu wa Taveta, huyu wa Voi. Haiwezekani!”

“Sheria inasema watu wawili,” Wamalwa alijibu. “Nimewahesabu. Ni wawili.”

Mechi zao za mwanzo hazikuwa nzuri. Waligombana waziwazi.

“Ulikuwa na saba, hukunipa!”

“Ulikuwa hujashinda bado!”

“Fungua macho, Mable!”

“Funga mdomo, Lorine!”

Lakini walishinda. Kila mmoja alicheza kama mtu anayelipiza kisasi kwa kila karata, na hasira ya aina hiyo haichoki. Wakawatoa hata Pauline na Wamalwa, na Wamalwa akanuna papo hapo. Fainali ikawa yao dhidi ya Donald na Ngui.

Ngui, mtu mpole, aliketi akiwa na aibu isiyo yake.

“Mable, mimi sijui mambo yenu,” alisema. “Nimeitwa kucheza tu.”

“Najua, Ngui. Cheza.”

Turufu ilikuwa shupaza tena. Mable na Lorine walikaa wakitazamana, Donald kati yao upande mmoja, Ngui upande wa pili. Pointi zilikwenda huku na huku, na kila mtu akawa anahesabu kwa midomo. Karata zilipobaki chache mikononi, Mable alicheza ree ya pau. Donald akatoa pau. Lorine hakuwa na pau. Alitazama karata zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akatupa tatu ya kopa.

Safari hii hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulikuwa umeisikia habari ya tatu. Donald alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

“Mnanitumia ishara yangu mwenyewe?” alisema.

“Hakuna kuongea mezani,” Wamalwa alisema.

Ngui akatoa karata yake, Mable akaukusanya mzunguko. Kisha akacheza kopa, nne ndogo isiyo na thamani, sawasawa kama ishara ilivyoagiza.

Zamu ya Donald. Hakuwa na kopa hata moja. Mkononi alikuwa na turufu moja, mfalme wa shupaza, turufu ya mwisho iliyobaki katika mchezo mzima. Angeweza kuitunza. Lakini nyuma yake alikuwepo Lorine, na Lorine alikuwa na ree ya kopa, pointi kumi na moja, zikija zenyewe. Hilo alilijua. Alilijua kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha Lorine kulisema.

Alimpiga mfalme mezani hadi vikombe vikaruka.

“Nimekata! Leta hiyo ree!”

Lorine akaweka tano ya kopa.

“Ree iko wapi?” Donald aliuliza.

“Hakuna kuongea mezani,” Wamalwa alisema tena, na sasa sauti yake ilikuwa na raha.

Ngui akatupa karata ya bure. Donald alikuwa ameikata hewa. Karata mbili zilibaki kwa kila mtu, na hapakuwa na turufu tena duniani. Alicheza tano ya uru, akitumaini Ngui ana ree yake. Lorine ndiye aliyekuwa nayo. Ngui akatoa takataka, Mable akamnenepesha kwa malkia wa uru.

Lorine akacheza karata yake ya mwisho, kopa ndogo. Ngui akatupa karata yake.

Mable aligeuza yake taratibu: ree ya kopa.

Donald alibaki na karata moja, saba ya uru, pointi kumi, iliyokuwa haina pa kwenda ila juu ya ree hiyo. Hakuitupa. Aliishika tu.

“Ulitupa tatu,” alimwambia Lorine. “Tatu ni ree! Ulitupa tatu na ree hukuwa nayo! Umenidanganya!”

“Nani?” Lorine aliuliza. “Sijui nani?”

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga madirisha, Pauline akapanda juu ya kiti. Donald akamgeukia Mable, uso umemwiva.

“Na wewe! Ulijua anadanganya, ukanyamaza na kunitazama usoni!”

“Weka karata, Donald,” Mable alisema.

“Ile ilikuwa ishara yetu!”

“Ya nani na nani?”

Donald aliigeuza saba yake vidoleni. Alimtazama Mable, akamtazama Lorine. Jibu lolote ambalo angelitoa, mmoja wao alikuwa ameketi pale kulikanusha.

“Saba, Donald,” Wamalwa alisema. “Watu wanangoja.”

Aliiachia. Ikaanguka juu ya ree ya Mable. Kisha akasimama, akapita katikati ya watu, na hakuna aliyempisha kwa haraka. Kiti chake hakikuanguka safari hii.

Wamalwa alihesabu kwa sauti, akawatangaza washindi, akawapa sufuria kubwa mpya waliyokuwa wameishindania. Mable na Lorine walisimama wakiitazama, kila mmoja ameshika sikio moja.

“Nani anaichukua?” Lorine aliuliza.

“Chukua wewe. Mboghoni mna ndizi za kupika.”

“Sitaki huruma yako.”

“Si huruma. Kwangu haiingii jikoni.”

Lorine aliivuta upande wake.

“Bado sikupendi, Mable.”

“Najua.”

“Mashindano ya Taveta ni mwezi ujao.”

Mable aliziokota karata zilizotapakaa mezani, akazipanga sawasawa, akaitafuta ile tatu ya kopa na kuirudisha katikati ya nyingine.

“Nitakuja,” alisema. “Lakini tutatafuta ishara nyingine.”